Omba Fupi, Mchungaji

(Mazungumzo kwenye mkesha wa maombi wa usharika, Ijumaa kabla ya Jumapili ya kwanza ya Majilio)

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Nawashukuru wazee wa kanisa, na nawashukuru mama zangu wa kikundi cha maombi kwa kunialika. Mliponiita mlinieleza bila kuficha kwamba kikundi kina mvutano. Wapo wanaosema tunapiga kelele mno, tunamwamrisha Mungu kama mtu wa kutumwa. Wapo wanaosema hao wa kukaa kimya na kungoja imani yao imelala. Mkaniomba nije niseme nani ana haki. Usiku ni mrefu, tuna mpaka alfajiri, basi mnivumilie nianze mbali kidogo, kwenye korido ya hospitali.

Nilikuwa mchungaji wa hospitali kwa miaka kadhaa. Usiku mmoja, inakaribia saa sita, muuguzi wa wodi ya watoto alinipigia simu. Nilipofika nilimkuta baba mmoja, dereva wa bodaboda, bado amevaa koti zito la baridi, helmeti ameikumbatia kifuani kama mtu aliyebeba mtoto. Binti yake wa miaka sita alikuwa na malaria kali. Degedege ilikuwa imempata mara mbili njiani. Damu yake ilikuwa imeshuka mno, na maabara walikuwa wanatafuta chupa inayooana na kundi lake. Baba alikuwa ameshajitolea yake; pamba ilikuwa bado imebandikwa mkononi.

Nikamshika mkono, nikaanza kama nilivyozoea kuanza: “Ee Mungu Baba Mwenyezi, Muumba wa mbingu na nchi, tunakuja mbele zako usiku huu tukikushukuru kwa wema wako na fadhili zako...” Akaniminya vidole. Akasema kwa sauti ya chini, “Samahani, mchungaji. Omba fupi. Mtoto anaondoka.”

Nikasema, “Bwana, njoo.” Sikuwa na neno la kuongeza. Kisha tukakaa kwenye benchi, mimi na yeye, saa mbili nzima. Chupa ya damu ilipofika na kutundikwa, tulikaa tunaangalia matone yanavyodondoka kwenye mrija, moja moja, hayaharakishwi na mtu yeyote. Muuguzi alitueleza kwamba ikikimbizwa, moyo wa mtoto unaweza kushindwa. Lazima iende taratibu. Kwa hiyo yule baba aliyeniambia niombe fupi ndiye aliyekaa akihesabu matone mpaka saa nane na nusu, midomo inacheza, hatoi sauti.

Nimelifikiri benchi lile mara nyingi. Sala ya hima na kungoja kwa saburi zilikuwa zimekaa pale ndani ya mtu mmoja, usiku mmoja.

Sasa fungueni Zaburi ya 40. Wengi wetu tunaujua mstari wa kwanza kwa moyo: “Nalimngoja BWANA kwa saburi, akaniinamia akakisikia kilio changu.” Kwa Kiebrania kitenzi kimerudiwa, kama sisi tunavyosema “kungoja nimengoja.” Ni maneno ya mtu aliyengoja mpaka kungoja kwenyewe kukawa kazi yake. Anasimulia alivyotolewa shimoni, alivyotolewa kwenye udongo wa utelezi, miguu yake ikawekwa mwambani. Mahubiri mengi ya subira huishia hapo. Nami nilihubiri hivyo kwa miaka, nikafunga Biblia.

Lakini shukeni mpaka mstari wa 13. “Ee BWANA, unisaidie hima.” Halafu nendeni mwisho kabisa, maneno ya kufungia: “Ee Mungu wangu, usikawie.”

Ni Zaburi hiyo hiyo. Mdomo uliosema nalingoja kwa saburi ndio unaosema usikawie. Na angalieni mpangilio ulivyo. Sisi tungetarajia mtu aanze na papara, kisha akue kiroho, amalizie kwa utulivu. Huyu ameanza na saburi akamalizia na hima. Yeye aliyewahi kungoja na kujibiwa ndiye anayepiga kelele kwa ujasiri zaidi, kwa sababu sasa anajua kuna mtu anayesikia.

Tena fungueni Zaburi ya 70. Ni fupi, mistari mitano. Mtaona ni ile sehemu ya mwisho ya Zaburi ya 40, imesimama peke yake, na tofauti za maneno ni chache. Ipi ilitangulia, hilo nawaachia wasomi. Mimi nafurahi kwamba zote mbili zimeachwa ndani ya Biblia. Iko Zaburi ya mtu mwenye nafasi ya kusimulia, na iko Zaburi ya mtu wa korido, ambaye anataka ile ya mwisho tu. Omba fupi.

Wale waliotutangulia walilijua jambo hili. Katika karne ya 5 mtawa Yohane Kasiano aliandika mafundisho ya wazee wa jangwa la Misri, watu walioacha kila kitu wakaenda kungoja Mungu mchangani. Ukimuuliza mzee wa namna hiyo usali nini mchana kutwa, anakupa mstari mmoja, ule wa kwanza wa Zaburi ya 70: “Ee Mungu, uniokoe, Ee BWANA, unisaidie hima.” Karne iliyofuata Benedikto akauweka kwenye kanuni yake, watawa wafungue nao vipindi vyao vya sala. Ndugu zetu Wabenedikto wameishi Peramiho tangu 1898 na Ndanda tangu 1906, na hadi leo wanaanza sala kwa mstari huo. Mimi ni Mlutheri, lakini niliwahi kulala siku tatu kwenye abasia yao. Hakuna maisha yaliyo taratibu kama yale. Kengele inalia, wanaume wanaingia kanisani kimya, wazee kwa vijana, wengine wamo humo zaidi ya miaka 40. Wanasimama, wanafanya ishara ya msalaba, na neno lao la kwanza ni kumwambia Mungu aharakishe. Wanarudi tena baada ya saa chache, wanamwambia aharakishe. Niliguswa sana. Watu wenye subira kuliko wote niliowahi kuwaona, na sala yao ni hima.

Sasa naomba tutembee pamoja njia moja ya vumbi, kwa kuwa hapo ndipo moyo wangu ulipo usiku huu. Marko sura ya 5. Yairo, mkuu wa sinagogi, anaanguka miguuni pa Yesu na kusema binti yake mdogo yu katika kufa. Anaomba fupi. Njoo, uweke mkono wako, apate kupona. Na Yesu anaenda naye. Hakumuuliza swali hata moja. Kama ninyi ni wazazi mnajua Yairo alivyokuwa anatembea, nusu anakimbia, anageuka kuangalia kama Mwalimu yupo nyuma yake, anasukuma umati kwa viwiko.

Halafu Yesu anasimama. Anauliza nani amegusa mavazi yake.

Hebu simameni pale alipo Yairo. Dakika zinakwenda. Wanafunzi wenyewe wanashangaa, umati wote huu unakusonga, unauliza nani amekugusa? Na Yesu hasogei, anaangalia huku na huku, mpaka mwanamke mmoja anajitokeza akitetemeka. Na huyu mama ana hadithi ndefu. Ametokwa na damu miaka 12. Matabibu wengi wamemtesa, mali yake yote imekwisha, na hali imezidi kuwa mbaya. Marko anasema alimweleza Yesu kweli yote. Kweli yote ya miaka 12 haisemwi kwa dakika moja! Na Yesu akasikiliza.

Wale mliowahi kukaa na wanawake wenye fistula mnamjua mama huyu. Mnajua mtu anavyojifunza kukaa mwisho wa benchi, karibu na mlango, na anavyoomba msamaha kwa kuwepo tu. Yeye alikuwa amengoja. Hakuna aliyeweza kumwambia ongeza subira. Na siku ile hakungoja tena, alinyosha mkono akashika pindo.

Basi pale njiani mtu wa hima na mtu wa kungoja wamekutana. Binti ya Yairo ana miaka 12. Mwanamke ameumwa miaka 12. Mwaka ambao nyumba ya Yairo ilipiga vigelegele, huyu alianza kutokwa damu. Na Yesu anamwita nani? Anamwita “Binti.” Neno lile lile lililotoka kinywani mwa Yairo muda mfupi uliopita. Yairo anasimama pale anasikia binti mwingine anaambiwa enenda kwa amani, na kabla maneno hayajaisha wanafika watu kutoka nyumbani kwake: binti yako amekwisha kufa, ya nini kuzidi kumsumbua Mwalimu?

Hapa nawaomba mkumbuke kitu. Yesu hakumgeukia Yairo akamwambia, “Subiri.” Hakumwambia una papara, hakumwambia imani yako ni changa, hakumhubiria kuhusu wakati wa Bwana. Alisema, “Usiogope, amini tu.” Kisha akaenda naye mpaka nyumbani. Yairo alingoja, ndiyo, lakini alingoja akiwa ubavuni mwa Yesu. Na msichana alipoinuka, Yesu aliamuru apewe chakula. Aliyekuwa na muda wa kumsikiliza mwanamke wa miaka 12 alikumbuka pia kwamba mtoto ana njaa.

Sasa nirudi wodini, kwa sababu sijawaambia yote. Yule binti wa dereva wa bodaboda alipona. Siku ya nne alikuwa anakula uji mwenyewe. Lakini kitanda cha pili yake, usiku ule ule, palikuwa na mtoto wa kiume na mama yake. Mama yule naye aliomba. Aliomba kuliko sisi, maana tulimsikia. Mtoto wake alifariki kabla ya jogoo kuwika.

Asubuhi mgeni mmoja, mtu mwema kabisa, alimkumbatia akamwambia ule usemi tunaoupenda: “Mungu hawahi wala hachelewi.” Mama yule akamtazama, akasema, “Kwangu amechelewa.”

Nilikuwa nimesimama hapo. Moyo wangu uliruka, nikatafuta neno la kumtetea Mungu. Nashukuru sikulipata. Maana nilipofika ofisini nilifungua Yohana sura ya 11, nikawakuta Martha na Mariamu. Wamempelekea Yesu habari kwamba Lazaro hawezi. Na Yohana anaandika bila kupaka rangi kwamba Yesu aliposikia, alikaa siku mbili pale pale alipokuwapo. Anafika, Lazaro ana siku nne kaburini. Martha anamwambia, “Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa.” Mariamu anakuja, maneno yale yale. Kwa lugha ya wodini ni kusema, umechelewa. Yesu hakumkemea hata mmoja. Kwa Mariamu, Maandiko yanasema Yesu alilia machozi.

Kwa hiyo, wapendwa, tuache kuwafunga watu midomo kwa subira. Hili nalisema kwa uchungu. Sisi Waswahili tumejaliwa methali za pande zote mbili. Tunasema subira huvuta heri, na tunasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Ajabu ni jinsi tunavyozigawa. Mwenye shida akiwa mwingine, tunampa ile ya kwanza. Shida ikiingia kwetu, tunaishika ya pili. Mke anapigwa nyumbani, anakuja kwa wazee wa kanisa, anaambiwa mama, omba, subiri, Bwana atambadilisha. Kijana ana miaka mitano hana kazi, anaambiwa wakati wa Bwana bado. Huyo wa kumwambia hivyo mara nyingi ametoka kula. Saburi ya Zaburi ya 40 ni ushuhuda wa mtu juu ya nafsi yake: nalingoja mimi. Hakuna mahali katika Zaburi ile anapomwamuru jirani angoje. Nadhani hapo ndipo kikundi chenu kinaweza kupumua. Subira niibebe juu ya mambo yangu, na hima niibebe kwa ajili ya mwenzangu. Shida yako ikiletwa kwenye maombi, mimi sina ruhusa ya kuwa mtulivu kwa niaba yako.

Lakini hima nayo ina hatari yake, na ndugu wa upande wa kukemea mnisikilize pia. Mfalme Sauli alimngoja nabii Samweli siku saba, aje kutoa sadaka kabla ya vita. Siku saba kamili! Watu walikuwa wanamtawanyika, Wafilisti wamejipanga, na Samweli haonekani. Akaamua kutoa sadaka mwenyewe, na alipokwisha tu kuitoa, Samweli huyo akatokea. Kosa la Sauli halikuwa kulia. Hakulia. Angemlilia Mungu, akasema usikawie, ingekuwa sala. Yeye alishika ibada akaifanya chombo cha kutulizia hofu yake na kuzuia watu wasiondoke. Hapo hima imekwisha kuacha kuwa sala, imekuwa ufundi wa kumzunguka Mungu.

Na sisi tumeyaona matunda ya ufundi huo. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu walikanyagana kwenye mkutano wa maombi wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako, na watu 20 wakafa. Sitaki mtu yeyote hapa awaite wajinga. Wale walikuwa kina Yairo. Walikuwa na mtoto nyumbani, deni, uvimbe tumboni. Mtu akiambiwa muujiza upo pale, hatua kumi mbele, na ni leo tu, atakimbia, hata wewe ungekimbia. Linaloniuma ni kwamba njiani kwa Yairo Yesu alisimama, akafanya umati wote usimame, kwa ajili ya mwanamke mmoja dhaifu aliyekuwa nyuma. Pale Moshi hakuna aliyewasimamisha.

Upo pia ugonjwa wa kungoja bila kulia, na tunausahau kwa kuwa unaonekana kama utakatifu. Tunaingia Majilio, mtamsikia Zakaria. Malaika anamwambia, “Dua yako imesikiwa.” Na kuhani mzee anauliza atajuaje neno hilo, maana yeye ni mzee na mkewe ni mkongwe. Ukisoma unajiuliza, dua ile aliiomba mara ya mwisho lini? Mimi naona mtu aliyeendelea na zamu yake hekaluni, uvumba anafukiza, ibada haikosi, lakini lile ombi la mtoto alikwisha kulikunja akaliweka kabatini. Jibu lilipofika lilimkuta hana nafasi ya kulipokea. Nawaheshimu ninyi mnaopenda utulivu, nami kwa asili ni wa upande wenu. Lakini tujiulize kama tunangoja, au tumeacha kutarajia na tunaita kungoja.

Bibi yangu alilima tambarare za Upareni, kwenye vumbi jekundu. Vuli huko haina ahadi. Mwaka mwingine inakuja, mwingine inapita juu inaelekea milimani. Wengine walingoja mvua inyeshe ndipo wapande. Bibi alipanda kabla, kwenye udongo mkavu kabisa, mbegu tatu kila shimo, anafukia kwa kisigino. Nikiwa mdogo nilimuuliza kwa nini anatupa mahindi mazuri kwenye vumbi. Alisema mvua ikija imkute ameshapanda. Kisha jioni, kabla ya kulala, alipiga magoti kwenye mkeka akaomba mvua kwa sauti ambayo majirani waliisikia, kila jioni, wiki tatu, wiki nne. Miaka mingine mbegu zile zililiwa na mchwa, akapanda tena.

Nilipokuja kusoma waraka wa Yakobo nilimkuta bibi. Sura ya 5 mstari wa 7, mkulima hungoja mazao ya nchi, huvumilia hata yapate mvua ya kwanza na ya mwisho. Vuli na masika! Na mistari kumi tu mbele, sura hiyo hiyo, Eliya anaomba kwa bidii, na mbingu zinatoa mvua. Yakobo amewaweka shamba moja, mkulima anayengojea mvua na nabii anayeililia. Na hata Eliya, ukirudi kitabu cha kwanza cha Wafalme, aliinama uso katikati ya magoti na kumtuma mtumishi wake akaangalie upande wa bahari mara saba. Mara sita alirudi akasema hakuna kitu. Mara ya saba aliona wingu dogo kama mkono wa mtu.

Nimetazama kapu la maombi pale mezani wakati kwaya inaimba. Limejaa. Mmeniruhusu nizisome zile zisizo na jina. Ya juu kabisa imekunjwa mara nne, imeandikwa kwa penseli, na mwandishi amefuta na kuandika upya mpaka karatasi imechanika kidogo. Inasema: “Mwaka wa tisa sasa. Bado naomba. Tafadhali iwe leo.”

Tusimame. Tutaomba fupi, halafu tutakaa hapa mpaka asubuhi.